Mwaka Tuliong'oa Elisi ya Papa Ilunga

Kwenye kilio cha Mama Régine, pale Kikula, mtaa wa mji wa Likasi, waliosimama kumzungumzia walimfanya awe mwanamke laini, mwenye neno tamu kwa kila mtu. Nilikuwa nimekaa katikati ya wanawake wa kikundi chake cha kanisa, kwenye viti vya plastiki vya kukodi, nikisikiliza na kubishana nao moyoni. Mume wake, Yaya Donat, alikaa mbele chini ya turubai, na kila mtu aliposifu upole wa marehemu, aligeuza uso kunitafuta kwa lile jicho lake moja. Aliponipata alitikisa kichwa kidogo, kama anayesema, waache. Régine niliyemjua mimi hakuwa laini hata kidogo. Mwaka niliokuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja alitaka kunitoa nyumbani kwake, na sababu alikuwa nayo. Sikuinuka kusema neno, maana kilio si mahali pa kueleza mambo ya bolti na mabamba. Ndiyo maana ninayaandika.

Karakana ya Yaya Donat ilikuwa uani mwa nyumba yake, chini ya mabati yaliyotobolewa na cheche. Hakuwa ndugu yangu. Nilimwita yaya, yaani kaka mkubwa, kwa sababu alinizidi umri na ndiye aliyenifundisha kushika chuma. Tulitengeneza mbabula, yaani majiko ya makaa, milango, mikokoteni, na mara chache vyuma vya boti za ziwa Changalele. Nililala kwenye chumba kidogo kilichopakana na jiko, na ukuta wa katikati ulikuwa wa matofali mabichi yaliyopasuka, kwa hiyo nilijua kila chakula kabla hakijapakuliwa na kila ugomvi kabla haujaisha. Asubuhi nilisikia Régine akisonga bukari ya watoto, mwiko ukigonga sufuria. Jioni nilisikia hesabu zake na Mungu, alipokuwa akisali kwa sauti na kumweleza jinsi mambo yalivyo. Watu walimshangaa mume wake kwa kumfundisha msichana kazi ya kuchomelea. Yeye Régine hakushangaa, ila hakupenda, na hakuficha.

Mwaka ule mvua zilikuja kwa fujo. Barabara ya kwenda vijiji vya ng'ambo ya ziwa ilikatika, na huko ng'ambo kolera ikaingia. Ma Clémence, muuguzi wa kituo cha afya cha upande wetu wa ziwa, alikuwa akipeleka maji ya dripu kwa boti ya Papa Ilunga, ambayo ndiyo boti pekee pale iliyokuwa na injini kubwa ya ndani. Changalele ni ziwa la bwawa. Chini ya maji yake bado imesimama miti iliyozama zamani, na siku moja boti ile iligonga kisiki. Elisi, lile ua zito la shaba nyeusi lenye mapanga matatu linalozunguka nyuma ya boti na kuisukuma, ikavunjika panga moja na kupinda jingine. Papa Ilunga alikuwa na elisi nyingine, aliyoitoa kwenye boti iliyokufa, na alikuwa ametumia kila alichokuwa nacho kuipata. Kilichobaki ni kutoa ile mbovu na kuvalisha hii. Walivuta boti ufukweni juu ya magogo, wakalegeza nati, na elisi ikakataa kutoka. Ilikuwa imeshikana na shafti, mhimili wa chuma unaoizungusha, kwa kutu ya miaka mingi, kama vile vimezaliwa pamoja. Wakamwita Yaya Donat.

Nilikuwapo alipoumia. Alipiga kitovu cha elisi kwa nyundo kubwa kama anavyofanya kila fundi asiye na kifaa kingine, na mimi nilikuwa nimeshika taimbo upande wa pili ili elisi isizunguke. Nyundo ilikuwa ya zamani, imechanika mdomoni. Sikuona kilichoruka. Niliona tu kwamba ameacha kupiga, ameweka nyundo chini taratibu, na amefunika uso kwa mkono kama mtu aliyekumbuka jambo. Kisha damu ikapita katikati ya vidole. Kipande cha chuma cha nyundo kilikuwa kimeingia jichoni. Miwani ya kazi ilikuwa mfukoni mwake. Ma Clémence alimfunga hapohapo, tukamrudisha Likasi juu ya lori la wauza samaki, kichwa chake mapajani mwangu, na njia nzima aliniuliza jambo moja tu, kama jicho la pili linatoka damu. Nikasema hapana. Baada ya muda akauliza tena.

Daktari alitoa kile chuma na kumfunga macho yote mawili, akieleza kwamba jicho zima likicheza, lile bovu nalo linacheza, na halitapona. Yaya akarudi nyumbani kipofu wa muda, bila mtu kujua muda gani. Alikaa kwenye kiti sebuleni, mikono juu ya magoti, akigeuza kichwa kila mlango ulipolia. Dawa zilimeza kila kitu. Nyama ilitoweka mezani, wakafuata samaki, tukabaki na bukari na mboga ya lengalenga, na Régine alipakua akianza na watoto. Yaya alikula kwa kupapasa. Siku moja alitia vidole kwenye mboga ya moto, akashtuka, akamwaga sahani, na mlio wa sahani ile naukumbuka kuliko kelele zote za karakana.

Jioni moja kaka yake Régine, Alphonse, alifika, na nikawasikia kupitia ukuta. Alikuwa amepata mtu wa Kambove anayetaka mashine ya kuchomelea na vyombo vyote vya karakana, kwa kazi za machimboni. Angekuja kuvichukua wiki inayofuata. Régine akauliza mimi nitaenda wapi. Alphonse akajibu kwamba mimi ni binti mzima, na kwamba mwanaume akiwa haoni si vizuri kuwa na msichana wa watu uani. Nilitegemea Régine amkatalie hilo angalau. Akasema, "Minye siko mubaya. Lakini niko na batoto, na bwana mwenye haoni. Huyu mutoto atajipanga." Nililala nikiangalia mabati. Sikuweza kumchukia. Nilijaribu kujiona mahali pake, na kila nilipojaribu nilifika kwenye uamuzi uleule.

Asubuhi Papa Ilunga akaja. Alisimama mbele ya Yaya na kuvua kofia, ingawa Yaya hakuweza kuiona. Alieleza kwamba ng'ambo hali imekuwa mbaya, kwamba mtumbwi uliobeba katoni za dripu umepinduliwa na upepo, wapiga kasia wameogelea wakapona lakini dawa zimezama. Alikuwa amepata mtu mwenye mtungi wa gesi. Angekata shafti kwa moto, basi. Yaya akamuuliza shafti nyingine ataitoa wapi, maana kila mtu alijua kwamba shafti ya namna ile haipatikani Likasi, na huenda hata Lubumbashi. Akamuuliza pia kama anajua kwamba shafti inashikiliwa na bomba lenye mpira ndani, na moto ukiufikia mpira, hata elisi ikitoka, boti haitatembea. Mzee akakaa chini. Alisema anangoja hadi Jumamosi, si zaidi. Alipoondoka, Yaya akaniita.

"Gode," alisema, "kupiga tunaacha. Sasa tutavuta."

Mafundi wa magari wana chombo wanachokiita arashi, cha kuvutia gurudumu la chuma litoke kwenye shafti yake. Cha kutosha elisi ile hakikuwapo, na cha kununua hatukuweza hata kuulizia. Yaya alinichorea kwa kidole juu ya goti lake. Bamba moja nene la chuma likae nyuma ya kitovu cha elisi, likiwa na mkato wa kukumbatia shafti, kama mdomo wa spana. Bamba la pili likae mbele, likigusa ncha ya shafti. Bolti mbili ndefu ziyaunganishe, moja kila upande. Ukikaza bolti, mabamba yanataka kukaribiana. Shafti haina pa kwenda, kwa hiyo elisi ndiyo italazimika kusogea. Ni chombo rahisi mno, na nilipokielewa niliona haya kwamba tulianza na nyundo.

Nilizunguka kwa wauza vyuma chakavu wa Kikula. Mmoja alikuwa na bolti ndefu za mashine ya kusagia mawe, zenye mistari ya kufungia nati bado mizuri, na alizitoa baada ya kumtengenezea mkewe mbabula mpya kutoka kwenye rimu ya gari. Mabamba niliyapata kwenye chasi ya lori. Umeme ulikuja na kuondoka upendavyo, hivyo nilikaa karibu na mashine nimevaa glovu, nikingoja taa iwake kama mtu anayengoja gari. Drili ya kutoboa chuma kinene hatukuwa nayo. Nilitoboa kwa moto wa elektrodi, kisha nikasugua matundu kwa tupa ya duara hadi mikono ikafa ganzi. Kila kipande nilimpelekea Yaya sebuleni. Alikipapasa, akaingiza kidole kwenye tundu, akanusa mahali nilipochomelea, akanirudisha. Mkato hauko katikati. Tundu limekaa upande. Régine alipita katikati yetu na ndoo ya maji bila kutazama.

Mara ya kwanza ilishindikana mbele ya watu wote. Nilifika ufukweni na lori la samaki, nikakivalisha chombo, nikakaza, na kwa muda nilidhani tumeshinda kwa sababu spana ilikuwa inaendelea kuzunguka. Elisi haikuwa imesogea. Bamba la mbele ndilo lililokuwa linapinda, polepole, kama ulimi. Nilipolitoa, vijana wa boti walicheka, na Papa Ilunga hakucheka. Alienda kuchukua mtungi wa gesi. Ma Clémence alitoka kituoni na koti lake jeupe lenye matope, akasimama kati yake na boti. Hakupaza sauti.

"Papa Ilunga, ukikata ile shafti, kesho utatumia nini? Tafazali, muachie huyu mutoto mara moya tena."

Mzee alinitazama, kisha akatazama bamba lililopinda. Akasema Jumamosi ni Jumamosi.

Nilirudi nikiwa sina hata nguvu ya kula. Yaya alishika lile bamba akalipapasa upinde wake kwa muda mrefu, na cha ajabu alionekana kufurahi. Alisema limetuonyesha mahali nguvu inapokaa. Tuongeze mbavu, yaani tuchomelee vipande vya chuma vilivyosimama wima mgongoni mwa bamba, kama unavyoona kwenye daraja. Nilipata masalio ya reli ndogo kwa ajili ya mbavu. Kisha akanieleza lile lililokuwa likimsumbua. Bolti zikifika mwisho wa kukaza, elisi inaweza bado kukataa, na hapo huwa inahitaji pigo moja dogo kwenye kitovu ili ishtuke. Akasema pigo hilo lisiwe la chuma kwa chuma. Nilikwenda upande wa Shituru kwa mzee aliyekuwa akiyeyusha shaba uani kwake, akanikatia kipande kinene, kwa kuwa alimjua Yaya. Shaba inapondeka tu, haitoi vipande vya kuruka.

Jumamosi asubuhi, nilipokuwa nikifunga sanduku la vyombo, Régine alitoka amevaa viatu vya safari. Alisema vyombo vile vimekwisha kupata mwenyewe, na havitaondoka bila yeye. Nilielewa kwamba Alphonse amemtuma anichunge. Njia nzima alikaa juu ya sanduku lile, mikono imeshika kamba, na lori liliporuka mashimo aliruka nalo pamoja na sanduku. Ufukweni alilishusha mwenyewe, akalikalia tena.

Mtungi wa gesi ulikuwa umeshawekwa kando ya boti. Mwenye nao alikuwa anavuta sigara, akingoja zamu yake. Niliomba maji ya kuchemka, mengi. Moto ungeunguza mpira, lakini maji ya moto juu ya kitovu yangeipanua shaba kidogo bila kuumiza kitu. Wanawake waliokuwa wakipika kwa ajili ya wauza samaki hawakunielewa, na hapo ndipo Régine aliponyanyuka. Alikwenda kwa mama mmoja hadi mwingine, sikusikia alichowaambia, na baada ya muda sufuria zao za bukari zilikuwa mekoni zikichemsha maji matupu. Papa Ilunga aliniambia nitoe nati ya shafti kabisa ili nipate nafasi. Nilikataa. Niliilegeza tu, ikabaki imeshika mwishoni, ili elisi ikichomoka isiruke na mabamba kuua mtu. Alisema nampotezea wakati. Nikainamia bolti na spana yangu.

Nilikaza upande huu kidogo, upande ule kidogo. Wanawake walimimina maji, mvuke ukatufunika, nikakaza tena. Bamba halikupinda. Bolti zilianza kulia, sauti nyembamba unayoisikia zaidi kwenye meno kuliko masikioni. Ndipo nilipoona kwamba bamba la mbele linateleza, linatoka katikati ya ncha ya shafti. Likitoka lote, nguvu yote ile ingeruka upande mmoja. Nilihitaji mtu wa kulishikilia nikimalizia. Niliwaangalia vijana wa boti. Walikuwa wamerudi nyuma, na siwalaumu, walikuwapo siku ya Yaya. Hata mwenye gesi alikuwa amezima sigara yake na kusogea mbali.

Régine aliacha sanduku. Alifungua kitenge cha juu, akakizungushia mikononi mara nyingi, akaja akapiga magoti kwenye matope na kushika bamba lile kwa mikono miwili. Nilivua miwani, ile ya Yaya, nikataka kumvalisha. Tulikuwa nayo moja tu. Alikwepesha kichwa.

"Vaa weye," alisema. "Minye nitafunga macho. Weye njo unapashwa kuona."

Nikavaa. Alifunga macho kwa nguvu hadi uso wote ukakunjamana, na nikaona midomo yake ikitembea. Nilitia bomba refu kwenye mkono wa spana, nikaegemea kwa uzito wangu wote, upande huu, kisha upande ule. Haikusogea. Hakukuwa na mstari tena wa kukaza. Nikachukua kile kipande cha shaba, nikakiweka ubavuni mwa kitovu, nikanyanyua nyundo, na mkono ukakataa kushuka. Nilikuwa naona damu katikati ya vidole. Sijui nilisimama vile muda gani. Régine, macho yakiwa bado yamefungwa, alisema kwa sauti ndogo, "Piga, Gode." Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina langu.

Nilipiga. Ulitoka mlio kama wa bunduki, watu wakapiga kelele, na bamba likamponyoka Régine likaangukia tope. Nilidhani amekufa. Alikuwa amekaa kitako, anaangalia mikono yake, anavihesabu vidole. Elisi ilikuwa imeruka hadi kwenye nati ikazuiwa pale, inazunguka yenyewe taratibu, huru kabisa. Papa Ilunga aliigusa kwa kiganja, akaisukuma mbele, akaivuta nyuma. Kisha akaenda nyuma ya boti, mahali alipodhani hatumwoni, akalia.

Elisi ya pili iliingia bila shida. Kabla jua halijafika kichwani, boti ilikuwa majini na Ma Clémence ndani yake na katoni zilizobaki. Sitasema kwamba iliokoa wote. Aliporudi alituambia kwamba wengine walikuwa wameshazikwa, akatutajia majina ya watoto wawili ambao tungewawahi kama elisi ingetoka mara ya kwanza. Hakuyataja kwa ubaya, nadhani alikuwa tu hana mwingine wa kumwambia. Lakini boti ilikwenda na kurudi hadi ugonjwa ulipokwisha, na waliobaki ni wengi. Miaka mingi nimekaa na yale majina mawili pamoja na ile furaha, na sijapata namna ya kuvitenganisha.

Tulirudi Likasi tumelowa. Régine alikalia sanduku tena. Nyumbani alimweleza mume wake kila kitu kwa maneno machache sana, akaenda kupika. Yaya aliniomba nimpe lile bamba, akapapasa mbavu zake moja baada ya nyingine. Daktari alipomfungua baadaye, jicho moja lilikuwa limekwisha, la pili likaona. Lakini siku zile bado tulikuwa hatujui, na mimi nilikuwa nimeshafunga nguo zangu kwenye mfuko, kwa sababu nilikumbuka yule mtu wa Kambove anakuja.

Alikuja Jumanne, na gari la kubebea mizigo, pamoja na Alphonse. Nilikuwa karakana, nikimalizia mlango wa mtu ili nisiache kazi ya nusu. Umeme ulikuwapo. Nilinyanyua kioo cha kuchomelea usoni na kuwaona wanapita uani, Alphonse akinyoosha kidole, hii mashine, zile spana. Mgeni akaanza kukunja waya wa mashine yangu ukiwa bado na moto. Régine alitoka jikoni akiwa na mwiko mkononi, unga bado umeshika. Alimtazama kaka yake, akamtazama mgeni, akaja kusimama kati yao na mimi. Mgeni alisalimia kwa heshima, akasema amekuja kwa ajili ya vyombo kama walivyoelewana.

"Bintu haina ya kuuzisha," Régine alimwambia. "Uache ile waya. Fundi iko natumika kazi."